Mchezaji Nyuma ya Mhusika: Hulka, Vipawa na Vituko katika Michezo ya Igizo Dhima ya Mezani

Utangulizi

Istilahi igizo dhima imekwisha kuzoeleka katika maandishi ya ualimu nchini Tanzania. Mwalimu humpa mwanafunzi mmoja dhima ya mganga na mwingine dhima ya mgonjwa, huwaacha wabuni mazungumzo yao wenyewe, kisha darasa zima huyajadili. Lisilofahamika sana ni kwamba mbinu hiyohiyo, ikiondolewa darasani, ikawekwa mezani mbele ya watu wanne au watano, ikapewa kanuni, hesabu na madado, imezaa aina nzima ya michezo yenye wafuasi wengi duniani. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa, na ulio mashuhuri kuliko yote hadi leo, ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974 katika vijitabu vitatu, nakala 1,000 kwa toleo la kwanza.

Namna ya kuucheza yaelezeka kwa maneno machache. Kila mchezaji ana mhusika mmoja ambaye sifa zake zimeandikwa kwa tarakimu kwenye karatasi. Mtu mmoja, msimamizi wa mchezo, hana mhusika wake wa pekee. Yeye huichora kwa maneno dunia ambamo wahusika wamo, huwasemea watu wote wengine wanaokutana nao, na huamua lipi linawezekana. Mchezaji husema mhusika wake anafanya nini. Jambo likiwa na shaka, dado hutupwa. Hakuna jukwaa, hakuna maleba, hakuna mswada wala watazamaji walioketi pembeni. Usiku ukiisha, kinachobaki ni kumbukumbu ya kisa kilichosemwa kwa vinywa vya watu kadhaa.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hana budi kusikia katika maelezo hayo kitu anachokijua. Ruth Finnegan, katika kitabu chake Oral Literature in Africa cha mwaka 1970, alisisitiza kwamba kazi simulizi haitimii mpaka itendwe. M. M. Mulokozi naye, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliieleza fasihi hiyo kuwa ni tukio linalofungamana na muktadha: fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Kwa vigezo hivyo, kisa kinachosemwa mezani kina kila haki ya kuchunguzwa kwa zana za taaluma hiyo, ingawa kimezaliwa Marekani na hakina uzee wa ngano. Na likichunguzwa kwa zana hizo, swali la kwanza si juu ya kanuni zilizochapishwa. Ni juu ya fanani. Mtu aliyeketi mezani analeta nini, kwa hulka yake, kwa vipawa vyake na hata kwa vituko vyake, ambacho hakimo katika kitabu?

Maneno matatu yatumikayo hapa yafaa yatofautishwe. Hulka ni mwelekeo wa kudumu wa mtu, kama vile uoga, ukarimu au pupa. Kipawa ni uwezo anaoweza kuutumia kwa faida ya wenzake. Kituko ni ile tabia ndogo ya pekee ambayo humtambulisha mtu kwa wenzake hata gizani. Mipaka baina yake si ya chuma, na kama itakavyoonekana, kituko cha jana huweza kuwa kipawa cha leo.

Mchezo ulioharibika

Asili ya michezo hii ni michezo ya vita. Georg Leopold von Reisswitz alibuni mchezo wa vita wa mezani huko Prussia mwaka 1812, na mwanawe akauboresha mwaka 1824 ili utumike kuwafunza maofisa wa jeshi. Katika michezo hiyo mchezaji alikuwa kamanda, na alichokileta mezani kilikuwa akili ya kivita. Hulka yake nyingine haikutakiwa.

Badiliko lilikuja mwaka 1969 huko Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya jimbo la Minnesota. David Wesely aliandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein, zama za vita vya Napoleon. Badala ya kuwapa wachezaji majeshi tu, aliwapa baadhi yao dhima za kiraia: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Mambo yakamtoka mkononi. Wachezaji walianza kuzungumza wao kwa wao, kufanya njama na kupatana pembeni, wala hapakuwa na kanuni za kuyaamua hayo. Wesely aliona mchezo wake umeharibika. Wachezaji walitaka uchezwe tena.

Katika mchezo mwingine wa mfululizo huo, uliowekwa katika jamhuri ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Dave Arneson alipewa dhima ya mwanafunzi mwanamapinduzi. Inasimuliwa na walioandika historia ya michezo hii kwamba alikuja na kitambulisho bandia cha CIA alichokitengeneza mwenyewe, akawashawishi wengine kwamba yeye ni jasusi aliyejificha katika nguo za mwanamapinduzi, na mwishowe akakabidhiwa hazina ya nchi ili aihifadhi. Hakupiga risasi hata moja. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hakuna kanuni iliyomruhusu kufanya hivyo, na hakuna iliyomkataza. Dhima ya mwanafunzi ilikuwa imeandikwa na Wesely, lakini ujanja ulikuwa wa Arneson. Baadaye Arneson alianza kuendesha mchezo wake mwenyewe wa Blackmoor, na kutoka hapo, kwa ushirikiano na Gygax, ndipo Dungeons & Dragons ulipotoka. Si kutia chumvi kusema kwamba aina hii ya michezo ilizaliwa siku ambayo hulka ya mchezaji iliizidi nguvu karatasi ya dhima.

Haiba ya nani?

Toleo la mwaka 1974 lilimpa kila mhusika sifa sita: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu wa mwili, wepesi na haiba. Kila sifa ilipatikana kwa kutupa madado matatu na kujumlisha, kwa hiyo ilikuwa kati ya 3 na 18. Mpango huu waonekana wa haki, na kwa sifa za mwili hauna utata wowote. Mchezaji dhaifu aliyepata nguvu 18 hatakiwi kuinyanyua meza ili athibitishe kwamba mhusika wake anaweza kuvunja mlango. Tarakimu humsemea.

Utata huanza pale sifa inapokuwa ya maneno. Mhusika mwenye haiba 18 amefika mbele ya mlinzi wa lango na anataka kumlainisha. Mchezaji wake ni mtu mwenye haya, mwenye kumeza maneno. Je, tarakimu imsemee kama ilivyoisemea nguvu, au atakiwe kutoa maneno yenyewe? Na kinyume chake: mchezaji msemaji hodari, mwenye mhusika wa haiba 5, akitoa hotuba ya kuliza mawe, mlinzi alainike kwa hotuba aliyoisikia au akae palepale kwa sababu ya tarakimu? Akili na hekima zina shida hiyohiyo. Mchezaji mwerevu aliyepewa mhusika mpumbavu hutegua fumbo la mlangoni kabla msimamizi hajamaliza kulieleza, kisha hubaki akiwatazama wenzake, asijue kama ana ruhusa ya kujua anachokijua.

Wabunifu wameyajibu maswali haya kwa njia mbalimbali, na inatosha kutaja mbili zilizo mbali kabisa. Villains and Vigilantes, mchezo wa mashujaa uliotolewa mwaka 1979, ulifuta tofauti yenyewe: mchezaji alijicheza mwenyewe, sifa zake halisi zikakadiriwa, kisha akaongezewa uwezo wa ajabu. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, la mwaka 2000, lilielekea upande wa pili kwa kuipa hata sanaa ya ushawishi kipimo chake cha tarakimu, hata ikawezekana kumshinda mlinzi kwa dado bila kutamka neno lolote la ushawishi. Njia ya kwanza ina ukweli wake, lakini ni kali. Kuwakadiria marafiki akili na haiba mbele ya macho yao ni kazi ambayo watu wachache wataimaliza wakiwa bado marafiki. Njia ya pili ina huruma, ila inahatarisha kile hasa kilichowaleta watu mezani, yaani usemi.

Mwanafasihi simulizi ana la kuongeza katika mjadala huu, kwa kuwa umekuwepo katika taaluma yake kwa jina jingine. Msimulizi wa ngano anayeigiza ulafi wa Fisi hatakiwi awe mlafi. Anatakiwa autambulishe ulafi huo kwa sauti, kwa macho na kwa mikono, na hadhira humpima kwa utambulisho huo. Mtambaji wa majigambo, kwa upande mwingine, husema kwa nafsi ya kwanza juu ya matendo yake mwenyewe, na hadhira humpima pia kwa wanayoyajua juu yake. Mchezo wa mezani umesimama katikati ya hao wawili. Mchezaji husema “mimi” kama mwenye kujigamba, lakini “mimi” huyo si yeye, kama Fisi asivyokuwa msimulizi.

Mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyeketi na wachezaji na kuandika kitabu Shared Fantasy mwaka 1983, alitumia nadharia ya fremu ya Erving Goffman kulieleza jambo hili. Kwa maoni yake, aliyeketi mezani ni watatu katika mwili mmoja: mtu mwenye kazi na familia, mchezaji anayejua kanuni na anayetaka kushinda, na mhusika asiyejua kwamba kuna dado. Watu huhama kutoka fremu moja hadi nyingine kwa sentensi moja, na mara nyingi bila kutangaza. Hulka ndiyo inayovuka mipaka hiyo kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote. Mtu mwoga huweza kumwita mhusika wake simba, lakini simba huyo ataonekana akiupapasa kila ubao wa sakafu kwa fimbo ndefu kabla ya kuukanyaga.

Orodha za wachezaji na upungufu wake

Jitihada za kuwaainisha wachezaji zilianza mapema. Glenn Blacow, katika makala ya mwaka 1980, alipendekeza mielekeo minne: kutafuta uwezo mkubwa zaidi, kuigiza nafsi, kushindana kwa mbinu za kivita, na kujenga hadithi. Robin Laws aliipanua orodha hiyo mwaka 2002 katika kitabu alichowaandikia wasimamizi wa michezo. Miongoni mwa aina zake wamo wawili wanaostahili kuangaliwa kwa karibu kuliko wengine. Wa kwanza ni yule anayecheza mhusika wa namna moja maisha yake yote: ukibadili mchezo, ukibadili dunia, yeye atarudi na mpiganaji yuleyule wa kimyakimya mwenye vazi jeusi. Wa pili ni mchezaji asiye na madai, anayekuja kwa sababu wenzake wanakuja, anayecheka penye kuchekesha na kutupa dado akiambiwa.

Mwainishaji wa haraka angemwita wa kwanza mwenye kasumba na wa pili mzigo. Laws hafanyi hivyo. Anaonya kwamba mchezaji wa pili asilazimishwe kujitokeza, kwa kuwa uwepo wake huwaunganisha wenzake. Kwa lugha ya fasihi simulizi, mtu huyo ni hadhira. Katika mchezo ambamo kila aliyepo ni fanani, mtu mmoja aliye tayari kusikiliza tu ana thamani kubwa. Waliowahi kukaa katika kikao ambamo kila mtu ni msemaji na hakuna msikilizaji wanaijua hasara yake. Mchezaji wa namna moja naye ana utetezi wake. Msimulizi ambaye Sungura wake hubaki Sungura yuleyule usiku baada ya usiku halaumiwi kwa kukosa ubunifu, bali husubiriwa.

Kuna michezo iliyojaribu kuviandika vituko vyenyewe katika kanuni. Champions, wa mwaka 1981, ulimpa mchezaji pointi za ziada kila alipokubali mhusika wake awe na kasoro. GURPS, uliobuniwa na Steve Jackson na kutolewa mwaka 1986, uliendelea mbele zaidi: mhusika aliweza kuwa na vituko vidogo hadi vitano, kila kimoja kikimrudishia mchezaji pointi moja. Mhusika hupiga mluzi akifikiri. Mwingine hatembei bila kofia yake. Wazo ni zuri. Lakini kituko kilichonunuliwa kwa pointi moja husahaulika mara kwa mara ifikapo katikati ya usiku, ilhali kituko ambacho mchezaji amekuja nacho kutoka nyumbani hakisahauliki hata akitaka. Anayehesabu kila senti ataihesabu pia dhahabu ya kundi zima. Anayependa majina atamuuliza kila mpita njia jina lake, na hivyo kumlazimisha msimamizi ambuni mtu kamili pale alipokusudia pawe na kivuli. Huyu wa mwisho ni msumbufu kwa saa ya kwanza tu. Kuanzia ya pili, mji mzima una wakazi.

Vipawa visivyo vya ulimi

Ufasaha ndio kipawa kinachoonekana upesi, na kwa hiyo ndicho kinachosifiwa kupita kiasi. Hali hiyo ilizidi baada ya mwaka 2015, wakati waigizaji wa sauti wa Marekani walipoanza kuonyesha mchezo wao kwa intaneti katika kipindi kiitwacho Critical Role. Watazamaji waliona mezani watu wanaobadili lafudhi, wanaolia na kucheka kwa kipimo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Baadhi ya wachezaji wa kawaida wakaanza kujiona wapungufu, na baadhi ya wasimamizi wakalalamika kwamba wanapimwa kwa kipimo kisicho chao.

Kipimo hicho ni kibaya, na kinawaumiza hasa wale ambao mchezo huu ungewafaa zaidi: mwenye kigugumizi, mwenye haya, mwenye kuicheza lugha asiyoimudu. Mchezaji anayesema “anamwomba mlinzi msamaha kwa upole”, kwa nafsi ya tatu na bila kuigiza lolote, amesimulia. Ametumia mbinu ambayo wasimulizi wameitumia tangu kale, na hana haja ya kuomba radhi. Aidha, kuna vipawa ambavyo havina sauti kabisa. Kuna mtu anayekumbuka kwamba mwenye nyumba ya wageni aliyetajwa miezi mitatu iliyopita alikuwa na deni. Kuna anayetambua kwamba mwenzake hajasema neno kwa nusu saa, akamfanya mhusika wake amgeukie mhusika wa yule mwingine na kumwuliza ushauri. Kuna anayejua kukubali kushindwa, akakifanya kifo cha mhusika wake kuwa kisa cha kusimuliwa badala ya ugomvi juu ya dado. Kipawa hiki cha mwisho ni adimu.

Upande wa pili wa sarafu nao usifichwe. Wachezaji wa nchi nyingi wanakijua kisingizio kimoja: “Ndivyo mhusika wangu alivyo.” Mtu huwaibia wenzake, huwatukana, huvuruga kila mpango, kisha hujificha nyuma ya karatasi. Hapa fremu za Fine husaidia kuliona kosa lilipo. Aliyetenda ni mhusika, lakini aliyechagua mhusika wa namna hiyo, na aliyechagua atende nini saa hiyo, ni mtu. Katika fasihi simulizi hadhira ina haki ya kumkatiza fanani anayepotoka, na mezani haki hiyo ipo pia, kwa kuwa hadhira na fanani ni watu walewale.

Sarufi ya kudai

Jambo la mwisho ni la kiisimu, na linawahusu wazungumzaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Michezo hii imekua katika Kiingereza, na katika lugha hiyo desturi ya mchezaji ni kutangaza tendo kwa wakati uliopo. Kiswahili kinampa mchezaji uwanja mpana zaidi, na kila njia ina hulka yake. Anayesema “niruke?” anaomba idhini. Anayesema “nitaruka” anatoa nia na kumwachia msimamizi nafasi ya kumwonya. Anayesema “naruka” ameshaiacha ardhi. Anayesema “nikaruka ukuta, nikamshika mlinzi, nikamnyang’anya funguo” amekwenda mbali zaidi ya wote hao, kwa kuwa -ka- ni kiambishi cha masimulizi, na kwa kukitumia amejitwalia mamlaka ya kutangaza matokeo ambayo kwa kanuni ni ya msimamizi.

Mwenendo huu si mgeni kabisa katika michezo ya lugha ya Waswahili. Katika kutegeana vitendawili, anayeshindwa hudaiwa mji. Mtegaji huweza kuukataa mji aliopewa akaomba mwingine, na akiupokea huweza kueleza alivyousafiria na alivyopokewa huko kabla hajatoa jibu. Mji huo ni wa maneno matupu, safari ni ya -ka- mfululizo, na hapo ndipo tofauti za watu huonekana. Mmoja huupokea mji wa kwanza anaopewa na kutoa jibu upesi. Mwingine hukataa miji mitatu kwa madaha, akaupokea wa nne, na akasafiri kwa muda mrefu kuliko kitendawili chenyewe.

Kwa hiyo msimamizi wa mchezo anayeuendesha kwa Kiswahili angekuwa na dalili ambayo mwenzake wa Minnesota hakuwa nayo: angezijua hulka za wachezaji wake kutokana na vitenzi vyao kabla ya kuziona karatasi zao. Angemjibu “ruka” yule aliyeuliza, na angemsubiri kidogo yule aliyetoa nia. Na yule aliyekwisha kunyang’anya funguo angemwachia -ka- yake, kisha angeongeza moja yake mwenyewe: “Ukaruka, ukateleza.”